Popo wa Gotham si mkombozi wa wanyonge

Kila baada ya miaka michache mabepari wa sinema wa Marekani humfukua mtu wao mmoja wa zamani, humpangusa vumbi, humshonea joho jipya na kumrudisha sokoni. Mtu huyo ni Batman, yaani Mtu-Popo, bwanyenye wa mji wa kubuni uitwao Gotham, ambaye mchana hukaa katika jumba alilorithi na usiku hujifunika kinyago akaenda kuwapiga wahalifu. Mwezi Machi 2022 alirudishwa tena. Safari hii mwongozaji alikuwa Matt Reeves, mwigizaji alikuwa Robert Pattinson, na filamu yenyewe, iitwayo The Batman, ilikaribia urefu wa saa tatu. Iliingiza zaidi ya dola milioni 770 katika majumba ya sinema duniani.

Filamu hiyo ilitanguliwa na sifa moja kubwa: giza. Mvua hainyamazi, jua ni la nadra, shujaa hatabasamu. Wachambuzi wengi wa Ulaya na Marekani waliisifu wakisema kwamba hadithi ya watoto sasa imekomaa, kwamba inasema kweli kuhusu polisi wala rushwa, waendesha mashtaka walionunuliwa na mameya waliomo mifukoni mwa majambazi. Sifa hizo zilivuka bahari. Katika miji ya Tanzania, kwenye vibanda vya video, kwenye simu za vijana na hata katika vyumba vya walimu, wako wanaoshikilia kwamba filamu ya namna hii ni silaha ya kuufichua ubepari, na kwamba anayeipinga hajaielewa.

Maoni hayo yanastahili kujibiwa, kwa sababu wanaoyashikilia si wajinga. Ni watu waliosoma, na wameona jambo la kweli katika filamu hiyo. Kosa lao ni kudhani kwamba anayekiri ugonjwa amekwisha kutaja dawa. The Batman inakiri kwa sauti kubwa ugonjwa wa mji wa kibepari, kisha inamkabidhi mgonjwa kwa ukoo ule ule uliomwambukiza.

Giza jipya, mtu yule yule

Mtu-Popo alizaliwa mwaka 1939 katika gazeti la katuni liitwalo Detective Comics, toleo la 27, miaka kumi baada ya soko la hisa la New York kuporomoka na kufuatiwa na dhiki iliyowaacha mamilioni ya wafanyakazi wa Marekani bila kazi. Jina la mji wake halikutoka mbali, kwani Gotham ni jina la utani la New York tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Katika nchi iliyokuwa bado inauguza majeraha ya njaa, wachapishaji walimletea msomaji maskini shujaa tajiri. Jambo hilo lilikuwa la ajabu siku ile na lingali la ajabu leo.

Tangu hapo amebadilishwa sura kila biashara ilipodai. Katika televisheni ya miaka ya 1966 hadi 1968, akiigizwa na Adam West, alikuwa kichekesho cha rangi kali. Mwaka 1986 mchoraji Frank Miller alimfanya mzee mwenye hasira na mkono mzito. Mwaka 1989 Tim Burton akampeleka gizani katika sinema. Filamu ya mwaka 1997 ilipomrudisha kwenye mzaha na kuwachosha watazamaji, aliwekwa kabatini kwa miaka minane, hata Christopher Nolan alipomwanzisha upya mwaka 2005. Kwa hiyo giza la mwaka 2022 si ugunduzi wala ujasiri. Ni bidhaa iliyokwisha kujaribiwa sokoni mara kadhaa ikaleta faida.

Yafaa pia ikumbukwe giza hilo limetumiwa kufundisha nini. Katika filamu ya Nolan ya mwaka 2008, The Dark Knight, shujaa anazigeuza simu zote za raia kuwa mtambo wa kuwapeleleza. Mtazamaji anatulizwa kwamba hapana neno, kwa kuwa mwenye mtambo ni mtu mwema na mwishoni unateketezwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 2013, Edward Snowden aliuonyesha ulimwengu kwamba serikali ya Marekani ilikuwa kweli ikikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya raia wake. Ukusanyaji huo wa jumla haukukomeshwa na wema wa tajiri yeyote. Ulikomeshwa kwa sheria ya Bunge la nchi hiyo mwaka 2015, baada ya kelele za wananchi na mashauri mahakamani.

Mwaka 2012 likaja funzo jingine. Mwaka mmoja kabla yake, vijana wa Marekani walikuwa wamepiga kambi karibu na Wall Street wakipinga ulafi wa mabenki. Katika The Dark Knight Rises, wanaovamia soko la hisa na kuwafikisha matajiri mbele ya mahakama za watu ni magaidi, na wanaoukomboa mji ni polisi wakiongozwa na bwanyenye. Si lazima mtu adai kwamba watengenezaji walikaa kikao wakaazimia kuwasema vijana wale. Inatosha kutazama nani amepewa bunduki ya haki na nani amepewa bunduki ya uovu.

Kinachokiriwa na kinachosamehewa

Wanaoitetea filamu ya mwaka 2022 husema kwamba yenyewe ni tofauti, na kwa kiasi fulani wana haki. Hadithi yake ni hii. Thomas Wayne, baba wa shujaa, akigombea umeya miaka 20 nyuma, aliahidi mfuko wa dola bilioni moja kwa ajili ya kuufufua mji. Alipouawa, mfuko ukaachwa bila mwangalizi, na majambazi pamoja na viongozi wa mji wakaufanya shamba la bibi. Watoto yatima waliotegemea ahadi hiyo wakaachwa katika baridi na panya. Mmoja wao akakua akawa Mtega-Vitendawili, muuaji anayemwua meya, mkuu wa polisi na mwendesha mashtaka mmoja baada ya mwingine, huku akianika siri zao.

Hapa filamu inagusa donda lenyewe. Inasema kwamba sadaka ya tajiri si haki ya maskini. Kwamba fedha iliyotolewa kwa hisani, pasipo umma kuwa na mamlaka ya kuikagua, huliwa. Mgombea umeya Bella Reál anamkabili Wayne kijana msibani, akamwambia kwamba ukoo wake ulijulikana kwa kutoa, lakini yeye haonekani kufanya lolote. Hata takwimu za mji zinamshtaki shujaa, kwani uhalifu umezidi tangu alipoanza kuvaa kinyago.

Lakini tazama yanayofuata. Inafichuliwa kwamba Thomas Wayne, ili kuficha aibu ya nyumba yake wakati wa kampeni, alimwendea jambazi Falcone amtishe mwandishi wa habari aliyekuwa akiichimbua, na Falcone akamwua mwandishi huyo. Hapo ndipo mahali pa kuuliza utajiri mkubwa na ujambazi mkubwa vinakutana kwenye mlango gani. Filamu inasimama mlangoni kwa dakika chache, kisha mtumishi wa nyumba, akiwa kitandani hospitalini, anatoa msamaha: bwana mkubwa alikuwa mtu mwema aliyekosea mara moja, tena alitaka kwenda polisi. Shauri limekwisha. Jumba linabaki kwa mrithi, na mali inabaki kwa mrithi. Mwandishi aliyeuawa hana hata mtoto wa kumlilia katika filamu nzima.

Yatima maskini, kwa upande wake, hasamehewi. Hasira yake, iliyokuwa na sababu, inageuzwa kichaa cha mtu anayecheka peke yake. Wayne ni yatima pia, naye hupiga watu usiku bila idhini ya mahakama. Wa kwanza anaitwa mwuaji, na ni mwuaji kweli. Wa pili anaitwa shujaa. Tofauti kubwa iliyobaki kati yao, ukiondoa damu, ni urithi. Na pale mfuasi mmoja wa muuaji, alipokamatwa na kuulizwa yeye ni nani, anapojibu kwa neno lile lile la kisasi ambalo shujaa hujitambulisha nalo, filamu yenyewe inaona aibu kwa muda. Shujaa anashtuka, anawasha mwenge mwekundu, anaingia katika maji ya gharika na kuwaongoza watu watoke. Ni picha nzuri kuliko zote katika filamu hiyo, na haina sababu ya kukanushwa. Lakini hata hapo umma unafuata nyuma kwa mstari, kimya, ukitazama mgongo wa mtu mmoja.

Gharika ya kubuni na gharika ya kweli

Gharika hiyo yenyewe yataka kuchunguzwa. Katika Gotham, ukuta wa bahari unabomoka kwa sababu mwendawazimu ameulipua. Katika Marekani ya kweli, mwezi Agosti 2005, kuta za kuzuia maji za New Orleans zilibomoka wakati wa tufani Katrina. Kiasi cha asilimia 80 ya mji kilizama na zaidi ya watu 1,000 walikufa. Hapakuwa na mwendawazimu wala baruti. Kuta zilikuwa zimesanifiwa vibaya, na Jeshi la Wahandisi la nchi hiyo lenyewe lilikiri hivyo mwaka 2006. Waliosubiri juu ya mapaa, wengi wao wakiwa watu weusi na maskini wasiokuwa na magari ya kukimbilia, hawakuona joho jeusi likishuka kutoka mawinguni.

Huo ndio udanganyifu mkubwa wa sinema ya giza. Humfanya mtazamaji aamini kwamba maafa huletwa na mtu mwovu, kwa hiyo huondolewa na mtu mwema. Maafa mengi ya wanyonge hayana sura ya kutisha ya kubandika ukutani. Huletwa na makisio ya fedha yaliyopunguzwa, ukaguzi usiofanyika, saruji iliyopunjwa, taarifa iliyowekwa saini bila kusomwa. Adui wa namna hiyo hapigwi ngumi. Hushindwa na watu wengi wanaofanya kazi yao, wanaokaguana na wanaoweza kuondoana madarakani.

Jasho la mtu na jina la mtu

Anayetaka kujua kama wenye biashara hii wanaipenda haki, asitazame filamu bali atazame daftari lao. Kwa miongo mingi kila karatasi ya Mtu-Popo ilibeba jina la muumba mmoja, Bob Kane, aliyekuwa amejipatia mkataba mzuri na wachapishaji. Lakini aliyeandika hadithi ya kwanza, aliyeshauri joho na rangi za kijivu, aliyempa shujaa jina la Bruce Wayne na kuupa mji jina la Gotham, alikuwa Bill Finger. Finger alikufa mwaka 1974 bila kutambuliwa rasmi kuwa muumba. Wenye mali walikubali kuliandika jina lake mwaka 2015, miaka 41 baada ya kifo chake. Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni Superman, waliuza haki zote za shujaa wao kwa dola 130 mwaka 1938, wakahangaika mpaka mwaka 1975 ndipo wakapewa posho ya uzeeni.

Hao ndio wanaomfundisha mtoto wa Kitanzania kwamba mwenye mali ana uchungu na mnyonge. Wamenyonya jasho la watunzi wao wenyewe, kisha wakauza ndoto ya bwanyenye asiyelala usiku kwa ajili ya maskini.

Waliojilinda bila kinyago

Huenda mtu akauliza: je, polisi wakiwa wabovu, mwananchi afanye nini? Swali hilo limekwisha kuulizwa katika ardhi ya Tanzania, na jibu lake halikuwa popo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera kuacha silaha zimetapakaa, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulizidi katika mikoa ya Shinyanga na Tabora. Wanavijiji wakaunda Sungusungu. Walipiga mbiu, walikutana hadharani, walichagua viongozi wao, na kila mmoja alijulikana ni mtoto wa nani na anakaa kitongoji gani. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale, wala hapakuwa na tajiri wa kuwanunulia gari lenye mitambo.

Haifai kuwapaka Sungusungu mafuta. Walipiga watuhumiwa bila kuwasikiliza, na vikongwe walisingiziwa uchawi wakateswa. Lakini hapo ndipo ilipo tofauti. Kwa kuwa walikuwa umma na si kinyago, waliweza kukosolewa, kuitwa kwenye mkutano na kuwekwa chini ya sheria. Na mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria ya kuwatambua na kuwaelekeza. Nani atamwita Mtu-Popo mkutanoni? Nani atamwuliza aliyempiga jana alikuwa na kosa gani?

Historia ya kusini inasema vivyo hivyo. Kinjekitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Kama watu wa kule wangekuwa watazamaji wa shujaa mmoja, vita vingekwisha siku ile kwenye kitanzi. Viliendelea mpaka mwaka 1907, kwa sababu vilikuwa vyao. Dawa ya maji haikuzuia risasi, na gharama ya kuiamini ilikuwa kubwa mno. Lakini umoja wa makabila waliouonja haukufa na mganga.

Swali la mali nalo liliulizwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikumsubiri kiongozi awe mwema kwa tabia. Lilimkataza kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na sheria ya maadili ya viongozi ya mwaka 1995 ikabakiza wajibu wa kutangaza mali. Hata hivyo msingi wa swali haujachakaa: umma una haki ya kujua anayeuongoza anakula wapi. Katika saa tatu za giza la Gotham hakuna anayemwuliza Bruce Wayne swali hilo.

Popo wa ofisini

Wako watakaosema kwamba haya yote ni kuikamia burudani. Kwamba mtu huangalia sinema akapumzika, kesho akaenda kazini. Ingekuwa hivyo, lisingekuwapo neno. Lakini fikra ya mkombozi mmoja haibaki kibandani. Inamfuata mtu mpaka ofisini.

Yuko mtumishi ambaye jalada la mjane limelala mezani kwake miezi mitatu, na linatembea siku ile tu inaposikika kwamba kiongozi mkubwa anakuja kwa ziara ya kushtukiza. Siku hiyo mjane anapigiwa simu, sakafu inafagiliwa, saini zinapatikana. Kiongozi anafika, anafoka, mtu mmoja anasimamishwa kazi mbele ya kamera, wananchi wanapiga vigelegele. Msafara ukiondoka, vumbi likatulia, majalada ya wajane wengine yanalala tena. Vigelegele vile ni vya Gotham. Ni furaha ya watu waliokata tamaa na taratibu zao wenyewe, wakawa wanasubiri taa iwashwe mawinguni.

Kiongozi anayefuatilia hafanyi kosa. Kosa ni la ofisi isiyoweza kutenda haki bila yeye. Mtumishi wa umma anayelipwa na jasho la mkulima hana haki ya kusubiri kuogopeshwa ndipo afanye wajibu wake. Naye mwananchi anayeshangilia mmoja aliyefukuzwa, bila kuuliza kwa nini kamati ya kijiji haijasomewa mapato na matumizi, anajidhulumu mwenyewe.

Mwalimu ana kazi nzito zaidi. Mtoto aliyechora popo juu ya daftari lake hatasaidiwa kwa kuchapwa wala kwa kunyang'anywa picha. Atasaidiwa akiulizwa maswali yale ambayo filamu inayakimbia. Fedha za Wayne zilitoka wapi? Kwa nini yatima walisahaulika huku mji una meya, mahakama na magazeti? Nani alipaswa kuukagua ule mfuko? Kama joho lingeondolewa, watu wa Gotham wangeanzia wapi? Darasa litakalojadili hayo kwa kipindi kimoja litakuwa limejifunza uraia kuliko lile linalokariri majina ya ngazi za serikali. Na mtoto ataendelea kuipenda sinema akipenda, lakini ataitazama akiwa macho.

Mtanzania anaufahamu mwenge. Wa kwake hupokezanwa mkono kwa mkono, kutoka wilaya hadi wilaya, na hakuna anayeumiliki. Asiukubali ule wa Gotham unaoshikwa na mtu mmoja mwenye kinyago huku wengine wote wakifuata gizani. Kuukataa hakuhitaji kupiga marufuku filamu yoyote. Kunahitaji jalada la mjane lifunguliwe leo, kabla msafara wowote haujatangazwa.